Tesla: Bei ya gari, bei ya hisa na subira ya mwekezaji

MNAMO Novemba 2017, kampuni ya Tesla ya Marekani ilionyesha umma mfano mpya wa gari lake la mbio, Roadster, na kuwafahamisha waliolitamani kwamba wangeweza kuliagiza usiku huo huo kwa arbuni ya dola 50,000, ambazo ni zaidi ya Sh6 milioni kwa thamani ya sasa. Waliotaka kuwa miongoni mwa wateja 1,000 wa mwanzo walihitajika kutoa bei kamili ya dola 250,000 kabla ya gari lenyewe kuanza kuundwa.

Gari hilo lilitarajiwa kutoka mwaka 2020. Mwaka 2025 ulipomalizika, hakuna mnunuzi aliyekuwa amekabidhiwa hata moja.

Katika kipindi hicho hicho, thamani ya hisa za Tesla ilipanda zaidi ya mara 15. Aliyetoa dola 50,000 ili apate gari alibaki na stakabadhi. Aliyetumia kiasi hicho kununua hisa za kampuni iliyomchelewesha mwenzake alitajirika.

Huu ndio ukinzani ambao yeyote anayefuatilia hisa za waundaji wa magari ya umeme sharti auelewe kabla ya kutoa senti yake. Wala si suala la Wamarekani pekee. Siku hizi mtu mwenye simu na akaunti kwa dalali wa mtandaoni, hata akiwa Nakuru au Mombasa, anaweza kununua kipande cha hisa inayouzwa New York. Wakenya waliopanga foleni mwaka 2008 kununua hisa za Safaricom kwa Sh5, kisha wakaishuhudia bei ikiteremka hadi chini ya Sh3 kabla ya kupanda tena miaka mingi baadaye, wanajua kwamba kampuni nzuri na hisa yenye faida ni vitu viwili tofauti.

Ukiichunguza historia ya Tesla utagundua kuwa soko la hisa liliusamehe ucheleweshaji mara nyingi kuliko wataalamu walivyodhani. Jambo lililoutikisa moyo wa mwekezaji ni bei, hasa bei ilipoanza kushuka.

Kuanzia kwa tajiri

Tesla iliasisiwa jimboni California mwaka 2003 na wahandisi Martin Eberhard na Marc Tarpenning. Elon Musk, aliyekuwa amepata mamilioni ya dola kutokana na kuuzwa kwa kampuni ya malipo ya PayPal, alijiunga nao mwaka 2004 akiwa mwekezaji mkuu na mwenyekiti wa bodi. Mwaka 2008 alitwaa wadhifa wa afisa mkuu mtendaji.

Agosti 2006, Musk alichapisha mpango ambao hadi leo ndio ufunguo wa kuielewa kampuni hiyo. Alisema wataunda gari la mbio la bei ghali, watumie mapato yake kuunda gari la bei nafuu kidogo, kisha watumie mapato hayo kuunda gari ambalo watu wengi wanaweza kulimudu. Mantiki ilikuwa nyepesi. Betri zilikuwa ghali mno wakati huo, na ni tajiri pekee angekubali kulipia gharama ya majaribio.

Kwa mpango huo, bei ya kila gari jipya ikawa ni zaidi ya bei. Ilikuwa kipago cha ngazi. Mwekezaji hakuuliza tu iwapo gari linauzika, bali pia iwapo kipago kinachofuata kitafika, lini, na kwa kiasi gani cha fedha.

Kipago cha kwanza kilitetereka. Roadster ya awali ilitatizwa na giaboksi ya kasi mbili ambayo haikustahimili nguvu ya mota, ikabidi ibadilishwe. Wateja walianza kuyapata magari yao mwaka 2008, baada ya tarehe kuahirishwa, nayo gharama ya kuliunda ikapita makadirio. Mapema mwaka 2009, watu waliokuwa tayari wameagiza waliarifiwa kwamba baadhi ya vitu vilivyokuwa ndani ya bei sasa vingelipiwa kando. Walinung'unika, na wengi wakalipa.

Kampuni ilinusurika kufilisika kwa fedha zilizopatikana mkesha wa Krismasi wa 2008. Mei 2009, Daimler ya Ujerumani ilinunua karibu asilimia 10 ya Tesla kwa dola milioni 50. Mwaka uliofuata Wizara ya Kawi ya Marekani ikatoa mkopo wa dola milioni 465, ambao ulilipwa wote Mei 2013, miaka tisa kabla ya muda wake.

Hisa ziliuzwa kwa umma Juni 29, 2010 kwa dola 17 kila moja. Hisa moja ya wakati huo imegawanywa mara mbili tangu hapo: mwaka 2020 ikawa hisa tano, na mwaka 2022 kila moja kati ya hizo ikawa tatu. Kwa hesabu ya leo, basi, bei ile ya dola 17 ni sawa na takriban dola 1.13.

Daimler iliuza sehemu yake mwaka 2014 ikapata takriban dola milioni 780. Wakati huo ilionekana kama biashara ya kupigiwa mfano, na ni vigumu kuwalaumu wahasibu wa Stuttgart kwa kutotabiri kwamba Oktoba 2021 soko lingeithamini Tesla nzima kwa zaidi ya dola trilioni moja.

Ahadi inapoandikwa kwenye daftari la madeni

Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika vitabu vya hesabu vya Tesla, maneno hayo si methali tu. Arbuni za wateja huorodheshwa upande wa madeni, na kufikia mwisho wa mwaka 2017 zilikuwa zimefikia dola milioni 854.

Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na gari la Model 3, lililotangazwa Machi 31, 2016 kwa bei ya kuanzia dola 35,000. Arbuni yake ilikuwa dola 1,000. Kwa muda wa wiki moja tu, watu 325,000 walikuwa wamejiandikisha kwa ajili ya gari ambalo hawakuwa wameliendesha, na wengi hawakuwa wameliona ila kwenye picha.

Kwa mwekezaji, mkopo wa aina hii ni mtamu kuliko wowote. Benki hukopesha kwa riba na kudai dhamana. Mteja mwenye shauku hukopesha bure. Hatari yake ni kwamba mteja akichoka anaweza kudai chake. Oktoba 2025, Sam Altman, mkuu wa kampuni ya OpenAI na hasimu wa Musk, alitangaza hadharani kwamba alikuwa ameagiza Roadster mwaka 2018 na sasa alitaka kurudishiwa fedha zake. Musk alijibu kuwa fedha zilirudishwa kwa muda wa saa 24.

Kuna desturi nyingine ambayo wawekezaji makini waliitambua mapema. Bei inayotangazwa jukwaani ni ya gari la chini kabisa, ilhali linalotoka kiwandani kwanza ni lile la juu. Model S ilipoonyeshwa Machi 2009, bei iliyotajwa ilikuwa dola 49,900 baada ya nafuu ya kodi. Magari yalianza kuwafikia wanunuzi Juni 2012, yale ya bei ya juu yakitangulia. Mwaka 2013 kampuni ikatangaza kwamba haitaunda toleo lenye betri ndogo kabisa kwa kuwa ni asilimia nne tu ya wateja waliokuwa wameliagiza. Hao wachache walipewa gari lenye betri kubwa zaidi, ila programu ya gari ikaizuia isitoe nguvu yake yote. Hapo Tesla ilionyesha kipaji chake cha kugeuza ahadi iliyovunjwa iwe kama zawadi.

Model 3 ya dola 35,000 nayo ilitangazwa kuwa tayari Februari 2019, karibu miaka mitatu baada ya kuahidiwa. Wiki chache baadaye iliondolewa mtandaoni, ikawa inapatikana kwa kupiga simu au kufika dukani. Kabla ya mwaka 2020 kwisha haikuuzwa tena. Kampuni nyingine ingeadhibiwa vikali na soko kwa mwenendo huo. Wenye hisa wa Tesla hawakujali sana, kwani gari la dola 35,000 halikuwa na faida nao walilijua hilo.

Si kila kampuni hupewa msamaha huo. Machi 2022, Rivian, muundaji mwingine wa Marekani, iliongeza bei ya magari yake kwa karibu asilimia 20, ikiwajumuisha hata walioagiza zamani. Wateja walikuja juu, hisa zikaporomoka, na baada ya siku mbili kampuni ikaomba radhi na kuwarudishia walioagiza bei yao ya awali. Fisker, iliyoorodheshwa sokoni mwaka 2020, iliwasilisha ombi la kufilisika Juni 2024.

Walioweka dau la kuanguka

Mwezi Julai 2017, Musk alipokuwa akiwakabidhi watu 30 wa mwanzo magari yao ya Model 3, aliwaonya wafanyakazi kwamba wanaingia katika kile alichokiita jahanamu ya uzalishaji. Hakukosea. Katika miezi mitatu ya Julai hadi Septemba kampuni ilikuwa imelenga kuunda magari 1,500. Yaliyotoka ni 260.

Lengo kuu lilikuwa magari 5,000 kwa wiki kabla ya mwisho wa 2017. Lilifikiwa wiki ya mwisho ya Juni 2018, nusu mwaka baadaye, na hata hapo ikabidi kampuni isimamishe hema kubwa nje ya kiwanda cha Fremont na kuongeza ndani yake laini ya kuunganisha magari. Musk alikiri Aprili mwaka huo kwamba kutegemea roboti kupita kiasi kulikuwa kosa lake, na kwamba uwezo wa binadamu ulikuwa umepuuzwa.

Huu ndio wakati ambapo Tesla ilikuwa kampuni iliyowindwa zaidi na wauzaji wa hisa za kuazima. Msomaji asiyeifahamu biashara hiyo na afikirie gunia la mahindi. Unamwazima jirani gunia wakati mahindi ni ghali, unaliuza, kisha unangoja mavuno bei ishuke ununue jingine la kumrudishia. Tofauti ya bei ni yako. Lakini bei isiposhuka, na badala yake ipande maradufu, jirani bado anataka gunia lake. Anayenunua hisa hawezi kupoteza zaidi ya alichotoa. Anayeuza ya kuazima hana kikomo cha hasara.

Jim Chanos, aliyepata sifa kwa kutambua mapema uozo wa Enron, alikuwa miongoni mwao. Vilevile David Einhorn. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Kampuni haikuwahi kumaliza mwaka mzima na faida, deni lilikuwa likikua, tarehe ziliahirishwa kila mara, na watengenezaji wakongwe wa Ujerumani na Japani walitarajiwa kuingia sokoni wakati wowote. Musk, kwa upande wake, alimtumia Einhorn sanduku la kaptula, akicheza na neno la Kiingereza linalotaja kaptula na pia biashara hiyo ya kuazima. Einhorn alithibitisha kuwa alizipokea.

Mchezo uligeuka kuwa kesi. Agosti 7, 2018, Musk aliandika kwenye Twitter kwamba anafikiria kuiondoa Tesla sokoni kwa dola 420 kwa hisa na kwamba fedha zilikuwa tayari. Tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani ilimshtaki. Mwezi uliofuata yeye na kampuni walikubali kulipa dola milioni 20 kila mmoja, naye akaacha kiti cha mwenyekiti wa bodi. Wawekezaji waliodai kuumizwa na ujumbe huo walikwenda mahakamani kivyao, lakini mnamo Februari 2023 baraza la wazee wa mahakama jijini San Francisco likaamua kuwa Musk hakuwa na hatia.

Baadaye, Musk mwenyewe alisema kwamba kati ya 2017 na 2019 kampuni ilifika mahali ilipobakisha takriban mwezi mmoja tu kufilisika. Kwa hivyo waliobashiri anguko walikaribia ukweli kuliko walivyojulikana baadaye. Walikosea kwa wiki chache, na katika soko la hisa wiki chache zinatosha kumfilisi mtu.

Upande wa pili walikuwepo wenye subira. Baillie Gifford ya Edinburgh, Uskoti, ilianza kununua hisa za Tesla mwaka 2013. Ron Baron wa New York alitumia karibu dola milioni 400 kati ya 2014 na 2016. Hawa hawakuhesabu tarehe zilizokosewa, walihesabu kile kiwanda kilichokuwa kikijifunza. Na walipata ushahidi wao Uchina: kiwanda cha Shanghai kilianza kujengwa Januari 2019 na kabla ya mwaka huo kwisha kilikuwa kimetoa magari.

Mwaka 2020 Tesla ilipata faida ya dola milioni 721, ya kwanza kwa mwaka mzima. Desemba mwaka huo iliingizwa katika orodha ya S&P 500, na wauzaji wa hisa za kuazima wakawa wamepoteza makumi ya mabilioni ya dola.

Hapa mhasibu atainua kidole. Mwaka huo huo Tesla ilijipatia dola bilioni 1.58 kwa kuwauzia waundaji wengine haki za utoaji moshi. Wakati huo California na majimbo mengine yaliwataka waundaji watimize kiwango fulani cha magari yasiyotoa moshi, na asiyetimiza alinunua ziada ya mwenzake. Bila mapato hayo, faida ya milioni 721 ingekuwa hasara. Mwaka 2024 biashara hiyo ilileta dola bilioni 2.76 nyingine, lakini mwaka 2025 bunge la Marekani liliondoa faini zilizowalazimisha waundaji kutimiza viwango vya taifa vya matumizi ya mafuta, na chemchemi hiyo ikaanza kukauka.

Bei iliposhuka

Kati ya 2021 na katikati ya 2022 Tesla iliweza kupandisha bei karibu itakavyo. Magari yalikuwa haba duniani kote kwa sababu ya uhaba wa vipuri vya kielektroniki, na wanunuzi walingoja miezi. Kampuni kwa jumla ilibakiwa na asilimia 25.6 ya mapato yake kama faida ghafi mwaka 2022, kiwango ambacho waundaji wengi wa magari huota tu.

Kisha riba zikapanda, nao ushindani wa Uchina ukakomaa. Tesla ilipunguza bei nchini humo Oktoba 2022 na tena Januari 2023, ikafuatia Marekani na Ulaya. Model Y ya masafa marefu ilitoka dola 65,990 hadi 52,990 kwa siku moja. Nchini Uchina, watu walionunua wiki chache kabla walikusanyika kwenye maduka ya kampuni wakilalama. Hawakuwa wamecheleweshewa chochote. Walikuwa wamepata magari yao kwa wakati, na hilo ndilo lililokuwa kosa lao.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Gari linauzwa dola 50,000 na kuliunda kunagharimu 36,000. Faida ghafi ni 14,000. Ukipunguza bei kwa asilimia 10, faida inabaki 9,000. Umempunguzia mnunuzi sehemu moja ya kumi, lakini umempunguzia mwenye hisa zaidi ya theluthi moja ya faida. Ili kurejea ulipokuwa, lazima uuze magari asilimia 56 zaidi.

Tesla ilifikisha kwa wateja magari milioni 1.31 mwaka 2022 na milioni 1.81 mwaka 2023, ongezeko la karibu asilimia 38. Model Y ikawa gari lililouzwa zaidi duniani mwaka huo. Kwa mnunuzi na kwa mpenda mazingira huo ulikuwa ushindi usio na doa. Kwa mwenye hisa, faida ghafi ilikuwa imeshuka hadi asilimia 18.2 ya mapato. Mwaka 2024 mauzo yenyewe yakapungua kwa mara ya kwanza, magari 1,789,226, na faida halisi ikawa dola bilioni 7.1 kutoka bilioni 12.6 za mwaka 2022.

Isitoshe, kila punguzo la gari jipya huteremsha thamani ya gari kuukuu. Kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ilitangaza Oktoba 2021 kwamba itanunua Tesla 100,000, na tangazo hilo ndilo lililoisukuma Tesla kuvuka dola trilioni moja. Januari 2024 Hertz ilisema inauza magari 20,000 ya umeme, ikilalamikia upungufu wa thamani na gharama za ukarabati.

Musk alitoa utetezi wake Aprili 2023. Alieleza kwamba kampuni ingeweza hata kuuza magari bila faida yoyote sasa, kwani siku moja programu ya kujiendesha ingeyafanya yalete faida kubwa. Hapo ndipo wawekezaji walipogawanyika kwa dhati. Anayeamini programu hiyo itafaulu huona punguzo la bei kama mbegu. Asiyeamini huona mkulima anayekula mbegu zake.

Pikapu ya chuma

Cybertruck haihitaji maneno mengi. Ilionyeshwa Novemba 2019 kwa bei ya kuanzia dola 39,900 na arbuni ya dola 100, na uzalishaji ukaahidiwa kuanza mwishoni mwa 2021. Ilianza kukabidhiwa wateja Novemba 30, 2023, na bei ya chini iliyotajwa siku hiyo ilikuwa dola 60,990. Hata ukiondoa mfumko wa bei wa miaka hiyo minne, tofauti hiyo haielezeki. Toleo la bei ya chini lilipofika Aprili 2025 liliuzwa dola 69,990, na miezi michache baadaye likaondolewa.

Oktoba 2023, Musk alikuwa amekiri kwamba kwa gari hilo walijichimbia kaburi wenyewe, ingawa alitarajia kuunda robo milioni kwa mwaka kufikia 2025. Mauzo hayakukaribia hapo. Safari hii msamaha wa soko ulikuwa na sababu nyingine. Hesabu ilikuwa imehamia kwingine kabisa, na pikapu haikuwa tena kiini cha thamani ya kampuni.

Kinachonunuliwa sasa

Mwisho wa 2024, bei ya hisa ya Tesla ilikuwa karibu mara 200 ya faida iliyopatikana kwa kila hisa mwaka huo. Kwa waundaji wakongwe kama Toyota, kiasi hicho kwa kawaida huwa karibu mara 10 au pungufu. Hakuna idadi ya magari inayoweza kuieleza tofauti hiyo. Anayelipa bei hiyo ananunua teksi zisizo na dereva na roboti zenye umbo la binadamu, mambo ambayo bado hayajaleta mapato ya maana.

Historia ya ahadi hizo inajulikana. Mwaka 2016 Musk alisema gari lingevuka Marekani kutoka pwani hadi pwani likijiendesha kabla ya 2017 kwisha. Aprili 2019 akasema mwaka unaofuata kungekuwa na teksi milioni moja zinazojiendesha. Huduma ya teksi hizo ilianza Juni 2025 mjini Austin, Texas, kwa magari machache yenye msimamizi wa usalama kwenye kiti cha mbele.

Bei ya programu yenyewe imekuwa kipimajoto cha imani hiyo. Iliuzwa dola 10,000 mwishoni mwa 2020, ikapanda hadi 15,000 Septemba 2022, kisha ikashuka hadi 8,000 Aprili 2024. Kitu ambacho muuzaji alisema thamani yake itazidi kupanda kilipunguzwa bei kwa karibu nusu katika muda usiofika miaka miwili.

Wakati huo huo biashara ya magari, ambayo ndiyo inayolipa mishahara, imezidi kubanwa. Gari la dola 25,000 ambalo wengi walilingoja liliwekwa kando. Oktoba 2024 Musk alisema kuunda gari la kawaida la bei hiyo hakuna maana. Nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa wanunuzi wa Marekani ilikoma Septemba 30, 2025. Wiki moja baadaye Tesla ilileta matoleo yaliyopunguzwa anasa, Model 3 kwa dola 36,990 na Model Y kwa dola 39,990. Barani Ulaya mauzo yalianguka, na kujiingiza kwa Musk katika siasa za Rais Donald Trump kukawaudhi wateja wengi wa zamani. Mwaka 2025 ulifungwa kwa takriban magari milioni 1.64, upungufu wa mwaka wa pili mfululizo, na BYD ya Uchina ikaipita Tesla kwa mauzo ya mwaka mzima ya magari yanayotumia betri pekee.

BYD, tukumbuke, ndiyo iliyochaguliwa na kampuni ya Warren Buffett mwaka 2008, ilipotoa dola milioni 230 kwa karibu asilimia 10. Buffett hakununua ahadi ya kesho. Alinunua kiwanda cha betri kilichokuwa tayari kinafanya kazi.

Novemba 6, 2025, wenye hisa wa Tesla walikutana Austin kupigia kura mpango wa malipo ya Musk unaoweza kufikia dola trilioni moja. Hazina ya taifa ya Norway, mmoja wa wawekezaji wakubwa, ilikuwa imetangaza kuupinga, ikitaja ukubwa wa malipo na hatari ya kampuni kumtegemea mtu mmoja. Zaidi ya asilimia 75 ya kura ziliuunga mkono.

Ili apate malipo yote, Musk atatakiwa kuifikisha kampuni kwenye thamani ya dola trilioni 8.5, na miongoni mwa malengo ya utendaji aliyowekewa ni teksi milioni moja zinazojiendesha, roboti milioni moja, na jumla ya magari milioni 20 yaliyokabidhiwa wateja tangu kampuni ianze. Mwisho wa mwaka 2025 magari hayo yalikuwa yakikaribia milioni tisa. Muda aliopewa ni miaka 10.